Sikujikojolea, Yalikuwa Maji ya Pweza

Kabla hujacheka, sikiliza na upande wa mtuhumiwa. Voisi ya yule jamaa yangu wa bodaboda, anayosema nilijikojolea kibanda umiza kwa kuogopa muvi, imeshafika Masasi. Leo asubuhi shangazi kanipigia, anauliza kwa upole kama kibofu kinanisumbua. Hakinisumbui. Yalikuwa maji ya pweza.

Jumamosi mchana, kibanda umiza, Mikindani, mia tano mlangoni. Wanaonyesha Pirates of the Caribbean ya pili, ile Dead Man's Chest ya 2006. Muvi hiyo mimi nimeiangalia mpaka yenyewe imenichoka. Enzi za geto tulikuwa na CD moja tu isiyokwama, ndiyo hiyo. Najua Jack Sparrow anatokea ndani ya jeneza linaloelea baharini, anapiga kasia kwa mguu wa maiti. Najua wale watatu wanavyokatana panga juu ya gurudumu linalobingirika porini, na hapo bado nacheka kama mjinga, kila mara. Basi nikaingia kama mkalimani. Bila kuombwa.

(Mnaonijua, tulieni.)

"Sasa hivi anatoka jenezani." Anatoka. "Huyo moyo wake hauko kifuani, uko kwenye sanduku." Watu wanaguna. Katoto kamoja mbele kakageuka: "Kaka, tuache tuone wenyewe." Sikuacha. Nikamwambia steringi wake mwishoni anamezwa. "Steringi hafi!" kakanijibu, karibu kulia.

Alipotokea Davy Jones, yule nahodha asiye na moyo kifuani, na ndevu zake za minyiri, dada mmoja akajifunika kanga usoni. Mimi nikacheka kwa sauti, nikawaelimisha: hayo ya kompyuta, huyo ni Bill Nighy, mzee wa Kiingereza, alivaa nguo ya kijivu yenye madoadoa, minyiri wakamwekea baadaye, na 2007 wakachukua Oscar kwa kazi hiyo. "Hamna pweza hapo," nikasema. Likumbukeni hilo neno.

Kumbe jirani yangu kwenye benchi ni babu aliyetoka pwani moja kwa moja. Bamvua, maji yalikupwa mbali, kapata pweza wake, kamtia kwenye ndoo na maji kidogo, kafunika salfeti, kapita kuburudika. Anaapa alishamgonga kichwa mara mbili.

Ikafika Kraken, lile dude la baharini lenye minyiri, anaipanda meli. Muziki kimya. Minyiri inapanda ubavuni polepole, mabaharia hawana habari. Kibanda kizima hakuna anayetafuna hata korosho. Mimi nimeshainua kidole, niseme "sasa hivi".

Kitu cha baridi kikanigusa kifundo cha mguu.

Nikadhani ndala ya mtu. Kikatulia. Kikajivuta. Kikazunguka mguu mara moja, kikabana, halafu vile vikombe vyake vikaanza kunyonya ngozi, kimoja, kimoja, kama vinaonja chumvi. Nikatazama skrini: mnyiri. Nikatazama chini: mnyiri.

Jamaa anawaambia nilipiga kelele "Mama!" Uongo. Nilimwita bibi, ambaye ni marehemu. Nikarusha mguu juu kwa nguvu zote, na pweza, maskini, alikuwa ameishikilia ndoo kwa mikono iliyobaki. Mguu ukaja na pweza, pweza akaja na ndoo, ndoo ikaja na maji, yote yakatua mapajani mwangu. Benchi likapinduka, watu wanne chali.

"Mjomba, taratibu na mboga yangu," babu akasema. Akainama, akambandua mnyiri mmoja mmoja, macho yake hayajatoka kwenye TV.

Taa ikawashwa. Nilivaa suruali ya kaki. Mnajua kaki ikilowa. Nikatolewa nje kabla steringi hajamezwa, mia tano yangu hakuna aliyeirudisha, na katoto kale kakanisindikiza mpaka mlangoni kwa kupiga makofi.

Kifundoni nina alama saba za duara. Picha ninayo, asiyeamini aje inbox.

Jana jioni napita kwa muuza supu, simdai, hanidai. Akainua kisu: "Jack, nikukatie mnyiri?" Nikanunua wa elfu moja, nikautafuna palepale kwa hasira, pilipili tele.

Jumamosi wanaonyesha ya tatu. Nimeshaazima gambuti.