Bruda Colm ni mwalimu kwanza

Asante mwandishi kwa makala hii kuhusu Bruda Colm O'Connell, lakini umemtaja karibu kote kama "kocha wa Rudisha" tu, yaani David Rudisha, yule Mkenya bingwa wa mita 800, na hapo sikubaliani nawe. Mtawa huyu wa Kikatoliki alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia shule ya sekondari ya wavulana ya St Patrick's, Iten, Kenya. Ukocha hakuwa ameusomea. Aliujifunza uwanjani, akiwatazama wanafunzi wake mwenyewe wanavyokimbia.

Na matunda yalianza zamani, kabla hata Rudisha hajazaliwa. Peter Rono aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki kule Seoul 1988 ni kijana wa St Patrick's. Matthew Birir, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, naye vilevile. Wilson Kipketer, mkimbiaji wa mita 800, pia alisoma hapo. Ukifika pale shuleni utaona miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa hao, kila mti na kibao chenye jina.

Wasichana nao msiwasahau jamani! Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, alipita mikononi mwake.

Kinachonigusa zaidi ni subira yake. Hakimbilii kumchosha kijana. Anaanza na mkao wa mwili, mikono, namna mguu unavyokanyaga. Tazameni tena fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London 2012: Rudisha anaongoza mwanzo hadi mwisho, anamaliza kwa dakika 1:40.91, mabega yametulia kabisa. Hiyo ni kazi ya mwalimu. Tafadhali andikeni makala nyingine, safari hii muwahoji wanafunzi wake wa jiografia ambao hawakuwahi kuwa wanariadha.