Kabla hujafuta biashara inayokula hasara

Ushauri wanaopewa wafanyabiashara wa Mwanza siku hizi ni mfupi: kagua hesabu, kisicholipa kifunge. Mabenki yanaupenda, na si ushauri mbaya. Ninachogombana nacho ni hiyo hesabu.

Chukua muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Tuseme ana stoo ya 600,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka. Humo anaweka dagaa wa kula, waliokaushwa kwenye vichanja, na wale wa mchangani wanaokwenda kusagwa chakula cha kuku. Mhasibu anagawa kodi nusu kwa nusu. Dagaa wa kuku, ukishatoa bei ya kununulia, vibarua na usafiri, wanabakiza 200,000. Wabebeshe 300,000 za stoo, tayari wamekula hasara ya laki moja. Haya, wafute. Mwisho wa mwezi mwenye stoo anakuja kudai 600,000 zake zilezile, na zile laki mbili zilizokuwa zikichangia hazipo. Jamaa alidhani ameokoa laki moja, amepoteza mbili. Kibaya zaidi, dagaa wa kula sasa wanabeba kodi nzima peke yao, na mhasibu yuleyule ataanza kuwatilia shaka na wao.

Meli nazo ni hivyohivyo. Mv Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020, ina uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo, Mwanza hadi Bukoba. Anayesema abiria wa daraja la tatu hawalipi atuambie kwanza: wakibaki gatini, ni mafuta kiasi gani yatakayookolewa?

Wanaotaka kufunga wana hoja, tena moja ni nzito. Masika ikiingia, dagaa wa kula wakalowa nje kwa sababu stoo imejaa magunia ya kuku, hasara ya magunia hayo ni kubwa kuliko daftari linavyoonyesha. Nafasi nayo ni pesa. (Wanaong'ang'ania biashara kwa vile tu waliirithi kwa mzee, hao sina la kuwatetea.)

Lakini kama stoo ina nafasi na mkataba bado una miezi, mimi ningeendelea kununua wa mchangani. Siku ya kuandikiana upya na mwenye stoo, hapo ningeuliza chumba kidogo ni shilingi ngapi, maana siku hiyo ndiyo kodi inapunguzika.