Mgonjwa wa presha avuliwe viatu

Mama mkubwa analima zabibu Hombolo, Dodoma. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa hawezi kutoka soko la Majengo hadi stendi ya daladala bila kusimama mara mbili. Kigimbi cha kulia kinabana kama kimefungwa kamba; akipumzika dakika chache kinaachia, akianza tena kinarudi. Sisi tukasema uzee. Jirani akasema ni vidonge vya presha, vinakausha damu ya miguu. Akaviacha kimyakimya. Tulipokuja kumpima, presha ilikuwa 190 kwa 110.

Hofu hii inatuumizia wazee. Maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kupumzika ni dalili kubwa ya ateri za miguu kuziba, na zinazibwa na sigara, kisukari, lehemu (mafuta kwenye damu) na presha hiyohiyo aliyoiachia uwanja. Mwenye ateri mbovu miguuni, mara nyingi za moyo na ubongo nazo haziko salama. Utafiti wa HOPE wa mwaka 2000, wenye watu zaidi ya 9,000, ulionyesha ramipril, dawa ya presha, ikipunguza vifo, kiharusi na mshtuko wa moyo, hata kwa wenye ugonjwa huu wa miguu.

Najua uvumi ulikoanzia. Amlodipini, dawa nyingine ya presha, huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu. Lakini huo ni uvimbe wa maji yaliyovuja kutoka mishipa midogo, si damu iliyoshindwa kufika. Mwambie daktari, atapunguza dozi au kubadilisha dawa. Usijiamulie mwenyewe nyumbani.

Linaloniuma zaidi ni hili: kliniki aliyohudhuria miaka sita haikuwahi kumvua viatu. Mkono unafungwa mpira, namba inaandikwa kwenye daftari, haya, mwingine. Kupapasa mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo hakuhitaji hata umeme! Pakiwa na kifaa, presha ya kifundo inagawanywa kwa ya mkono, ikiwa 0.90 au pungufu, ateri zimeziba. Yake ilisoma 0.6, hospitali nyingine, baada ya sisi kung'ang'ania.

Amerudia dawa ya presha, akaongezewa ya lehemu na aspirini. Na ameagizwa kutembea nusu saa, angalau mara tatu kwa wiki: aende mpaka kigimbi kibane, apumzike, aendelee. Jioni anazunguka shamba la zabibu, mjukuu nyuma yake kabeba kigoda. Juzi walifika mpaka mwisho wa mistari ya mizabibu, kigoda hakijawekwa chini.