Kamera Imeikana Lenzi Yangu

Kamera yangu imeniandikia, katikati ya kioo, kwamba haina lenzi. Lenzi imo. Nimeifunga mwenyewe ikalia tak, na ni chuma kitupu chenye uzito wa kumtia mtu adabu. Lakini kwa kuwa lenzi hii pana ya milimita 12 haina vile vipande vya shaba vya kupitishia umeme, kamera haioni wa kuzungumza naye, na imekataa kabisa kupiga picha. Ilinibidi nizame kwenye menyu, nipekue ukurasa baada ya ukurasa, hadi nikakifikia kipengele cha kuruhusu shata, lile pazia linalofunguka kupiga picha, ifanye kazi bila lenzi, nikatia ridhaa. Mtu mzima mwenye akili timamu, mkono wa kushoto nimeshika lenzi, na kwa mkono wa kulia nathibitisha kwamba sina lenzi.

Kwa nini tunanunua lenzi za namna hii sote tunajua, ni unafuu wake, na suala hilo tuliache. Haki yake niiseme: kwenye sensa ya APS-C (kile kipande cha kunasa picha, cha ukubwa wa kati), ukibana tundu la kupitishia nuru hadi f/8 (namba ikikua, tundu linapungua) na kuweka fokasi, yaani umbali wa kuona vizuri, kwenye mita 1, kila kilichopo kuanzia takriban nusu mita hadi upeo wa macho kinatoka safi, na pete ya fokasi huna haja ya kuigusa tena. Kasoro ni alama ya umbali usio na mwisho. Mwisho wenyewe unafika kabla ya alama, kisha pete inaendelea kuzunguka, sijui inakwenda wapi.

Basi ukoo ulipokusanyika, nikaonelea kwamba chombo kinachoona karibu digrii 99 kutoka kona hadi kona kitawameza wote bila mimi kurudi nyuma hadi nigonge ukuta. Kiliwameza. Shangazi, aliyesimama mwisho kabisa kushoto, akaomba kuona.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, shangazi."

"Kichwa hiki?"

Nikamweleza, kwa upole unaomstahiki mtu wa umri wake, kwamba lenzi pana iliyoundwa kulinda mistari iliyonyooka ibaki imenyooka haina budi kuvivuta vitu vya pembezoni kuelekea nje, na ndiyo maana nguzo za nyuma zimesimama wima bila kupinda.

"Kwa hiyo umeokoa nguzo, ukaniharibu mimi."

"Shangazi, ni jiometri."

"Mbona baba yako mdogo haikumpata hiyo jiometri?"

"Yeye alikuwa katikati."

"Na nani alimweka katikati?"

Hapo ndipo habari iliposambaa kwamba pembeni kunaharibu sura. Nilipowapanga upya, hakuna aliyekubali kukaa ukingoni. Kila niliyemsogeza kushoto alirejea kwa mlango wa nyuma, hadi ukoo mzima ukabanana katikati, bega juu ya bega, na pande mbili za picha zikabaki tupu, katika lenzi niliyoinunua kwa sababu ya upana wake! Nikawaomba warudi nyuma ili nyuso zipungue kuvutika. Wakarudi, wakawa wadogo, na wakalalamika kwamba ni wadogo. Mtoto mmoja wa mbele, aliyekuwa amenyoosha mguu kuelekea kwangu, ametoka na kiatu kikubwa kuliko kifua cha babu yake, naye peke yake ndiye aliyefurahi. Jamani, si mimi niliyeumba nuru! Ningewezaje kumweka kila mtu katikati? Katikati ni moja!

Nilipofungua kumbukumbu za picha hizo, kamera ilikuwa imeandika kwamba tundu ni sifuri. Hata f/8 yangu imekanwa.

Nimehamia kwenye kupiga picha za nyota, ambako tundu linafunguliwa hadi f/2, na nyota za kwenye kona nazo zinaota vibawa. Hilo ningelivumilia. Lisilovumilika ni kukuza picha kwenye kioo gizani, kuisogeza pete unywele kwa unywele hadi nyota ibaki nukta, kisha kidole kikaigusa pete wakati wa kurekebisha tundu na kazi yote ikaanza upya. Wenye uzoefu husema pete ibandikwe utepe. Nimeubandika. Umande umeubandua, na gundi imebaki palepale juu ya namba za mita.