Kupuuza hakusaidii
Ndugu mwandishi, mengi nakubaliana nawe, ila pale uliposema mfanyakazi anayetaniwa kwa rangi yake apuuze tu, hapana. Ofisini kwetu Dar tuna mhasibu mwenye asili ya Kihindi. Kila tukikaa kula, jamaa mmoja alikuwa anamuuliza, "Kaka, kwenu unarudi lini?" Watu wanacheka. Siku moja akaweka kijiko chini, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kwetu Tanga, Ngamiani. Nikupe na namba ya barabara?" Meza nzima kimya. Baadaye akamwita jamaa pembeni, wakaongea wawili. Swali lile hatujalisikia tena.

Sasa si kila mtu ana ulimi huo, na si kila mtani anasikia (bosi akiwa ndiye mtani, ndiyo balaa kabisa). Hapo andika: tarehe, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, na waliokuwepo. Peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa rangi, kabila au utaifa, na inahesabu unyanyasaji wa aina hiyo kuwa ni ubaguzi. Mwajiri akikupiga danadana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Wengi huja kuulizia muda umeshapita. Na nyie mnaocheka mezani, mjue mnaweza kuitwa mashahidi.