Samaki wa kuanikwa juani ni ng'onda

Jirani yangu kaukata mwembe. Dodo, umezaa tangu enzi za marehemu baba yake. Kisa? Kuna "mtaalamu" kapita, kaona sato wamepinda migongo, akasema bwawa lina kivuli, samaki hawapati vitamini D, ndiyo maana kalsiamu haiingii.

Jamani! Ngozi yetu sisi ndiyo hutengeneza vitamini D ikipigwa na jua. Samaki, kwa sehemu kubwa, huila. Vijidudu vinavyoelea majini vinayo, dagaa anavila, mkubwa anamla mdogo, mwishowe inarundikana kwenye ini. Yale mafuta ya ini la samaki tuliyokabwa kunywa utotoni mnadhani yalitoka wapi?

Kwenye kalsiamu ndipo bwana yule alipopotea kabisa. Mimi na wewe tunaipata kwa kula. Sato anaifyonza kutoka kwenye maji yenyewe, usiku na mchana, kupitia matamvua. Humo mna seli zenye vijilango vya kalsiamu. Mwili ukishaigeuza vitamini D kuwa homoni, homoni hiyo huziamuru seli ziongeze vijilango. Kalsiamu ikizidi, vitezi vilivyo kwenye figo humwaga homoni nyingine, staniokalsini, na vijilango hufungwa. Samaki kajipangia kila kitu, hahitaji shoka la mtu.

Sasa, vijilango viwe hata elfu, maji yakiwa hayana kalsiamu kitaingia nini? Maji ya bahari yana kama miligramu 400 kwa lita. Bwawa la maji ya mvua kwenye udongo mwekundu wenye tindikali lina kiduchu tu. Alipima ugumu wa maji, yaani wingi wa madini kama kalsiamu yaliyoyeyuka humo? Aliuliza kama bwawa limewahi kutiwa chokaa, yenye kalsiamu? Aliuliza wanalishwa nini? Pumba tupu, mwaka mzima! Pumba haina vitamini D, na chakula nacho kina sehemu yake katika kalsiamu.

Halafu migongo kupinda ni dalili inayojulikana ya upungufu wa vitamini C. Hiyo hata hakuitaja.

Haya, nakubali kwa shingo upande: jua hukuza ule ukijani wa maji, na ukijani ni chakula. Kwa hilo ungepogoa matawi mawili, basi.

Eti kamwachia na chupa ya matone ya vitamini D, amwage bwawani. Vitamini ya mafuta, isiyoyeyuka majini! Arudishe hela ya watu.