Sola inataka fundi anayelala kijijini

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay 1982. Zote za kwetu Kusini mwa Tanzania, mikoa ya Lindi na Mtwara. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam, huku vijiji vyetu vingi vikiwa bado kwenye koroboi. REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imefikisha nguzo mbali sana tangu hapo, na nashukuru kwa dhati. Lakini kuna vitongoji vya ndani kabisa, Liwale na Nanyumbu kwa mfano, ambako nyumba zimetawanyika na kila nguzo ni gharama. Huko mimi naamini katika sola.

Sola yenyewe, hata hivyo, tunaifanyia haraka. Mradi unakuja, paneli zinapandishwa juu ya bati, picha zinapigwa, wageni wanaondoka. Paneli nzuri hufanya kazi miaka 20 na zaidi. Kinachokufa ni betri. Betri ya asidi ikikaushwa chaji kila usiku, isiongezwe maji yake, au mtu akaunga waya wa redio moja kwa moja akiiruka kontrola, kile kifaa kinacholinda betri, haichukui muda mrefu kabla haijafa. Ni matengenezo madogo, ila fundi yuko Masasi au Mtwara mjini, na nauli yake peke yake inawashinda watu. Basi mkunga anarudi kuzalisha kwa tochi ya simu, na paneli ziko pale pale juani. Inaniuma sana hii.

Ndiyo maana nawapenda wale wa Barefoot College ya Tilonia, Rajasthan, India, iliyoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972. Wanachukua akina mama wa vijijini, wengi wao bibi wenye wajukuu, hata wasiojua kusoma, wanawafundisha kwa miezi sita kuunga na kutengeneza mitambo ya sola. Masomo yanakwenda kwa rangi za nyaya, ishara na mikono. Wanawake wa Lindi na Mtwara nao wamepita huko. Na kwa nini bibi? Kijana ukimpa ujuzi, kesho yuko Kariakoo. Bibi ana mji wake, ana mikorosho yake, haendi popote.

Fedha za betri mpya nazo zichangwe watu wanapokuwa nazo: ufuta ukiuzwa katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Kumdai mkulima mchango wa kila mwezi, hadi Machi wakati ghala la nyumbani limekauka, ni kumwonea.

Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa mazao. Zitenge sehemu yake kusomesha akina mama wawili wa kila kijiji kabla paneli hazijapandishwa. VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, ipo Lindi, ipo Mtwara. Wafundishwe hapa hapa, kwa vitendo, na asiulizwe mtu cheti cha kidato cha nne.